As Mbili na Magoti Yanayouma

Kambi ya Dzaleka, Malawi, siku ya Mungu, kiisha ibada

Kwako Yaya Antoinette, dada yangu mukubwa, uliyenichapa zamani na unayeniombea leo,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Uko namna gani? Ile pressure yako imeshuka? Batoto na bajukuu wanaendeleaje? Na waimbaji wako huko Uvira, bado wanaogopa sauti yako? Ukitaka kujua habari ya ndugu yako, niko, lakini niko vibaya. Magoti inaniuma asubuhi na jioni. Bati ya nyumba inavuja juu ya kitanda. Nsima, ule ugali wa huku, ninayojipikia inatoka na madonge, hata kuku ya jirani inaiangalia tu, inapita. Mzee bila bibi ni kitu cha kuhurumia, yaya. Lia kwanza kidogo, kisha uendelee kusoma.

Unamukumbuka Thacienne, ule mujane Murundi niliyekuambia, anayeshona nguo karibu na kwangu? Machine yake ya kushona ilikufa. Fundi aliifungua, akaifunga, akamupa pole. Gakiza, mwenye duka la vitenge kule Mchesi, Lilongwe, akasikia, akamuambia ahamie kule ashone kwake. Thacienne akajibu kwamba atangoja mwisho wa mwezi; machine isipopatikana, anafunga mizigo. Mi nikaona hilo si jambo zuri. Nani atashona kanzu za chorale, waimbaji wetu wa kanisa? Nilifikiria chorale tu, yaya. Usianze kucheka.

Njo nikasikia kwamba palepale Mchesi kunakuwa mashindano ya poka, na wa kwanza anapewa machine mpya ya kushona. Mwenye kuuza machine ameitoa ili jina lake lijulikane. Pesa haiingii mezani. Kila mutu anapewa rundo sawasawa la vijetoni vya plastiki, vikikuishia unaenda nyumbani. Najua ulinikataza karata tangu utoto, lakini ulikataza kamari, na mahali hakuna pesa hiyo si kamari, ni hesabu. Nami ingawa shule niliiacha cinquième primaire, darasa la tano tu, hesabu nilikuwa naipenda.

Basi nikaenda. Batu wakaingia wengi, wakatoka mumoja mumoja, na jua halijashuka tukabaki wawili: mi na nani? Na Gakiza mwenyewe. Naye alitaka ile machine, ili Thacienne aikute inamungojea dukani. Akatangaza mbele ya batu bote kwamba mi ananisoma kama Biblia ya maandishi makubwa, kwamba nikipata karata nzuri mabega yangu inapanda kama ya jogoo. Bote wakacheka. Mi pia nilicheka, sababu ilikuwa kweli.

Stéphanie, mususi wa nywele aliyekuwa anagawa karata, akatupa kila mutu mbili za siri. Nikainua kona ya zangu. As. Nikainua ya pili. As tena. As njo karata kubwa kuliko zote, yaya, na kuanza na mbili hakuna kinachopita. Mabega ikataka kupanda, nikaikamata.

Sasa hapo njo shida. Karata mbaya haisumbui mutu, unaitupa. Inayosumbua ni nzuri. Nikisukuma rundo langu lote mara moja, Gakiza anakimbia, nami nabaki na as zangu mkononi kama mutu aliyepikia wageni wasiokuja. Nikienda pole pole, zile karata tano ambazo zinafunguliwa mezani, kila mutu aziunganishe na zake, zinaweza kumupa kitu cha kunipita. Nifanye nini?

Nikamukumbuka jirani yetu Irakiza. Hapa kambini mukimbizi akiitwa kupelekwa ng'ambo, hasemi. Analia kwamba dosiye yake, makaratasi ya safari, imekwama. Irakiza alikuja kwangu kuazima jembe, akapalilia mahindi mustari kwa mustari, akisema kwamba yeye atazikwa Dzaleka. Wiki haikuisha, tukamuona anapanda bus na koti mpya. Mahindi tulikula sisi. Lakini hatukumukasirikia, bote tunafanya hivyo: anayepata analia ili wivu usimuharibie, mpaka bus ifike. Nikajiambia, Wilondja, leo we lia.

Nikashika magoti. Nikauliza kama minibasi ya mwisho ya kurudi kwetu Dowa imeshaondoka. Nikavaa kofia. Nikatoa vijetoni vichache, kama mutu anayetoa sadaka huku pasta anamuangalia. Stéphanie akafungua tatu za kwanza: as, tisa, tisa. Yaya, sasa nina as tatu na tisa mbili, karibu nianguke na kiti. Nikaguna, nikashika mgongo. Lakini Gakiza naye akaanza. Akasema kichwa kinamuuma, kwamba mutu wa umri wake angekuwa amelala, akaongeza vijetoni. Nikamufuata, nikikohoa. Karata iliyofuata ilikuwa ya namba nne, haikusaidia mutu. Akalalamikia bei ya vitenge, akaongeza. Nikalalamikia bati yangu, nikafuata. Wazee wawili tunashindana kulia, hata Stéphanie akatuuliza kama atuletee dawa.

Ya tano ikawa roi, yaani mufalme. Hapo Gakiza akafunika uso na mikono, akasema dunia hii si yetu, kisha akasukuma rundo lake lote katikati. Tapis. Yote.

Nikajua mzee huyu haumwi kichwa. Aliishi hapa Dzaleka kabla ya kwenda Mchesi, naye anajua kulia. Iko na kitu kikubwa. Na kitu kimoja tu kingenipiga: kama zile tisa mbili zingine iko nazo yeye, zote nne. Nikaangalia mulango, nikaona kama Thacienne anapita na mizigo yake. Kisha nikapima kilio. Mwenye tisa nne angelia vilevile toka mwanzo, roi ingemusaidia nini? Lakini kilio cha Gakiza kilipanda na roi. Basi roi imemusaidia, na anayehitaji musaada wa roi hana tisa nne. Nikamuomba arudie, kwamba sikio langu moja limezeeka. Akarudia. Nikasema nami niko.

Akafungua tisa na roi: tisa tatu, roi mbili. Akasimama ili bamupongeze. Nikafungua as moja, nikapangusa pua, nikafungua ya pili. Tatu zangu ni kubwa kuliko tatu zake. Na rundo lake lilikuwa dogo kidogo kuliko langu, kwa hiyo hakubaki hata na kijetoni kimoja. Mabega nikaiachilia, ikapanda mpaka masikioni. Gakiza alicheka mpaka machozi ya kweli ikatoka, akaniita muongo wa kanisa, na ni yeye aliyenibebea machine mpaka kwenye minibasi.

Kutoka barabarani machine iliingia kambini juu ya kabaza, ile baiskeli ya kubeba batu, nami nikatembea kando yake. Batu wakauliza. Nikajibu kwamba ni nzito tu, sijui hata kama inafanya kazi.

Yaya, sasa sogea karibu. Nilipoiweka mbele ya Thacienne, nilimuambia na neno lingine, kwamba nataka awe bibi yangu. Akajibu kwamba ile machine ina kelele. Kwamba nyumba yangu inavuja, nsima yangu ni aibu, watoto wake watamucheka, na magoti yangu nani ataipaka mafuta kila usiku kama si yeye, na mgongo wake ulivyochoka. Alilalamika mpaka chai ikapoa. Nami nilimusikiliza, moyo unacheza, sababu sasa najua kusikiliza. Kwa zile as mbili alizoshika mkononi, hakuna mutu angemupita.

Pasta ameshatangaza ndoa, ni mwezi wa Desemba. Nguo anajishonea.

Kwa hiyo rudi kule juu, usome tena mwanzo wa barua hii. Magoti haijambo kabisa. Bati tu njo inavuja kweli.

Nisalimie bote wa nyumbani, mukubwa na mudogo, na kaburi la mama ukipita. Na ukinijibu, yaya, tafadhali usiniandikie pongezi. Niandikie kwamba ni mzee bila akili, kwamba umechoka na mambo yangu, kwamba pressure imepanda tena sababu yangu. Jaza karatasi mbele na nyuma. Nitaisoma pamoja na Thacienne, na tutajua namna umefurahi.

Ni mi mudogo wako, mwenye mabega,
Wilondja