Chupa ya Maua Mekundu

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimeingia duka la mitumba. Mimi! Niliyekuwa nikisema vitu vilivyotumiwa na watu sivitaki hata vya bure. Mvua ndiyo iliyonisukuma. Nilijibanza mlangoni, mwenye duka akasema ingia ndani, hapa hatuumi watu. Nikaingia kusubiri mvua ipite — nikatoka na chupa ya chai! Ya zamani, ya bati, maua mekundu ubavuni. Nimeiweka juu ya meza yangu tupu na chumba kizima kimechangamka. Tangu nihamie hapa nilikuwa naishi kama mtu anayesubiri kuhama tena. Kizibo kinavuja kidogo, sijui kwa nini. Nimeifungia kitambaa, basi.

Jumatano, 6 Machi

Nimerudi. Ndiyo, nimerudi! Nimetoka kazini, mapokezi ya kliniki ya meno, miguu ikanipeleka yenyewe. Bakuli za bati zenye ukingo wa buluu. Na vitambaa vya viti vya kufuma kwa mkono, vyeupe, hakuna uzi hata mmoja ulioruka. Mtu alikaa chini akavifuma! Mwenye duka kasema ni mzigo wa nyumba moja, uliletwa na dada mmoja mwenye haraka. Mtu anatoaje vitu kama hivi? Hasara yake.

Nesi, shoga yangu wa kazini, kasema nyumba yangu itaanza kunuka bibi. Nikamwambia na inuke!

Jumamosi, 9 Machi

GAUNI! Kijani, kola pana, vifungo vya manjano kuanzia shingoni hadi magotini. Kimoja tu ni cha buluu — mtu alipoteza cha manjano akashona alichopata. Limenikaa utadhani nilipimwa. Mshono wa ndani safi kuliko wa nje. Nimezunguka mbele ya kioo mpaka nikasikia kizunguzungu.

Ndilo nitakalovaa Jumapili ya wiki ijayo, mama yake Mrefu akija kuniona. Mrefu, mchumba wangu, fundi umeme, ni kitinda mimba, na hajawahi kufanya jambo mama yake akiwa amenuna. Yule mchumba wa kabla yangu aliishia kwenye ziara kama hii hii. Mama alikunywa chai, akashukuru, akafika nyumbani akamwambia mwanawe: huyu hapana. Kwisha habari.

Lakini gauni hili litanibeba. Nalipenda mno.

Jumapili, 10 Machi

Mrefu alikuja. Akaitazama chupa ya maua, akauliza nimeipata wapi. Nikamsimulia yote, mvua, duka, kwa mbwembwe. Akanywa chai nusu kikombe, akaaga. Mimi na furaha yangu nikabaki kama mjinga.

Alhamisi, 14 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu!

Nimemvalia Mrefu gauni jioni hii ili anipe moyo. Akakaa kitini, pu, kama aliyekatiwa umeme. Akagusa kifungo cha buluu. Akasema kilikuwa cha shati lake la shule.

Vitu vyote hivi ni vya mama yake! Gauni, bakuli, vitambaa, chupa. Nyumba ilipopakwa rangi, mama alikwenda kukaa kwa dada yake, na wifi — dada yake Mrefu — akaona ndiyo nafasi. Akakusanya vya zamani akavipeleka dukani, akanunua vipya vinavyong'aa. Mama aliporudi, wifi na Mrefu wakamwambia vya zamani viko stoo. Kila akimpigia mmoja wao simu anauliza chupa yake ya maua haijambo? Wanamjibu ipo, mama, ipo. Na kweli ipo — kwangu!

Mrefu ananisihi nivifiche mpaka mama aondoke. Akijua wametupa vitu vyake, na akavikuta kwangu, tusahau ndoa.

Nimemwambia nitafikiria. Nafikiria nini? Nampenda Mrefu. Na vitu hivi navipenda. Na uongo huu si wangu, kwa nini niulaze chini ya kitanda changu?

Jumapili, 17 Machi

Naandika jikoni, harakaharaka, nimeegemea friji. Mama yuko sebuleni.

Asubuhi nilivificha vyote, kweli. Chumba kikabaki uchi kama zamani. Nikaona aibu, nikavitoa tena. Nikavaa gauni!

Mama amefika mapema. Mfupi! Mrefu sijui alimrithi nani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, huku macho yake yakiwa kwenye kola. Yakashuka, kifungo kwa kifungo. Yakafika kwenye cha buluu, yakakaa hapo.

Mrefu akaanza, mama, ngoja nikueleze. Mama akamwinulia kidole tu.

Akakaa. Akanyoosha kitambaa cha kiti kwa kiganja, kilikuwa kimekaa upande. Kisha akatoa zawadi yangu kwenye mkoba wake: chupa ya chai mpya, ya chuma, unaweza kujitazama meno. Mrefu akaikodolea macho. Ndiyo ile ile ambayo wifi alimnunulia mama badala ya ya maua!

"Weka chai, mwanangu."

Basi. Hakusema kwenye ipi!

Ninazo zote mbili hapa mbele yangu. Nataka kucheka, sijui kwa nini. Nimemimina kwenye ya maua. Potelea mbali! Nimefunga — inavuja, kama kawaida yake. Naifuta na kitambaa.

Sauti kutoka sebuleni:

"Kizibo kirudishe nyuma kidogo kwanza, ndipo ukikaze!"

Nimekirudisha nyuma. Nimekikaza. Nimeinamisha chupa.

Halitoki hata tone!

Mrefu anasema mama, wewe kaa tu. Kiti kimelia. Nyayo za mama zinakuja huku jikoni —