Kitana Kilichokwenda Kanisani Kifuani

Tororo, Alhamisi, 1968

Mvua ya asubuhi imeuosha mwamba wetu, huu uliosimama juu ya mji, mpaka unang'aa. Mimi nami nimeoshwa leo, ingawa si kwa maji. Nimeaibika mbele ya wanaume watatu na bado nimerudi nyumbani kifua mbele. Ngoja niandike kabla sijaanza kujipendelea.

Katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha, hapa stesheni, karani wa kike ni mimi peke yangu. Mizigo inafika na treni kutoka Mombasa, nami naijazia fomu, na kila kitu lazima nikipatie fungu lake katika kitabu cha ushuru. Fungu likibadilika, ushuru nao unabadilika. Wenzangu hukiogopa kitabu kile kwa unene wake. Mimi nakipenda, na sijifichi nikisema hakuna anayekijua kama mimi.

Wiki iliyopita iliingia katoni ya Mama Nekesa wa Busia. Ni mjane, na kwa miaka mingi ameuza samaki wa Majanji, kule ziwani, hadi akachoka kunuka samaki hata siku ya Krismasi. Akaweka kila alichokuwa nacho kwenye katoni hiyo moja ya vitana kutoka ng'ambo, afungue duka dogo. Alinishika mkono akauliza kama nina hakika. Nikamwambia alale usingizi: hivi ni vitana, na vitana havitozwi sana. Wanaokamuliwa ni wenye mapambo. Akitozwa kama wao, katoni itabaki ghalani, naye atarudi kwenye samaki.

Vitana vyenyewe ni vidogo, vya kubania nywele kisogoni. Vina meno marefu, na mgongoni vimepachikwa vioo vyekundu na vya kijani. Nilitoa kimoja kiwe sampuli, kama ilivyo desturi. Desturi haisemi sampuli iende kulala kwangu.

Ilikuja kulala kwangu.

Jumapili nilitaka kukivaa kanisani. Lakini kwetu mwanamke haingii kanisani kichwa wazi, na kitana kikiwa chini ya kitambaa, nani atakiona? Basi nikakichomeka kifuani, kwenye blauzi yangu nyeupe. Kikaanguka. Nikakichomeka tena, kikaanguka tena. Mwisho nilichukua sindano na uzi nikakishonea papo hapo. Nilikaa benchi la tatu, na sitasema uongo, nilipendeza.

Nilichosahau ni kwamba Bwana Ofwono, ofisa wa forodha, huimba besi kwenye kwaya, na kwaya yetu hukaa ikitutazama.

Leo aliichukua fomu yangu, akakata neno "vitana" kwa kalamu nyekundu, akaandika "mapambo". Nikamwuliza sababu.

"Dada Athieno, mimi naimba, lakini macho iko wazi. Hii kitu Jumapili ilikuwa kwa kifua yako. Nani navaa kitana kwa kifua?"

Wapagazi wawili waliokuwa wakipima magunia wakaangua kicheko. Uso uliniwaka moto. Ningeweza kukana, maana kanisa lile lina wanawake wengi na vitu vinafanana. Ila Mama Nekesa alikuwa hapo mlangoni, amekuja na basi la asubuhi, anasikia kila neno. Neno la kumwambia alale usingizi lilikuwa langu. Nikakiri kwamba nilikivaa, nikamwomba Bwana Ofwono asitie muhuri kwanza, nikakimbia nyumbani matopeni.

Nilirudi na ile blauzi pamoja na kitana chenyewe. Niliitandaza juu ya meza yake, nikamwonyesha matundu ambayo meno yaliyatoboa, na uzi uliobaki ukining'inia. Nikamwambia, pambo la kifuani huja na pini yake, na hiki hakina. Kilikaa kwa sababu nilikishona kama kifungo. Kitabu kinataka kujua kitu kimetengenezwa kwa kazi gani, hakiulizi mjinga mmoja alikiweka wapi siku ya Jumapili. Mimi nikibeba mayai katika kofia yako, bwana, haigeuki kikapu.

Halafu nikafungua kitambaa changu cha kichwa mbele ya wanaume wale. Mama yangu kule Mella angezirai. Nikakibana kitana kisogoni, nikainama, nikatikisa kichwa kama ng'ombe anayefukuza nzi. Hakikusogea.

Wapagazi hawakucheka tena. Bwana Ofwono alikizunguka kichwa changu, akakitazama kushoto na kulia, akarudi kitini.

"Sasa hii naona," akasema. Akalikata neno lake mwenyewe, akalirudisha langu, akagonga muhuri.

Nilidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Nilitoka nje nikamwomba Mama Nekesa radhi, kwa sababu kitana ni chake na nilikivaa bila ruhusa, tena nusura kimzamishe. Hilo lilikuwa gumu kuliko kufungua kichwa. Akakipokea, akakigeuzageuza.

"Mwanangu, umevaa kitu yangu mbele ya kanisa mzima, halafu hukuambia hata mtu mmoja duka yangu iko wapi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanirudishia mkononi na kunifumba vidole. "Kaa nayo. Lakini weka kwa kichwa."

Nilimsindikiza mpaka kwenye basi la Busia, katoni ikiwa juu ya kichwa cha mpagazi mmoja wa wale waliocheka. Nilifurahi kuliko siku niliyopata kazi hii.

Kwa hiyo Jumapili kitakaa mahali pake, kisogoni, chini ya kitambaa, na hakuna atakayekiona. Kitabu cha ushuru nimekimudu, na Bwana Ofwono pia. Lakini kukaa ibada nzima bila kuvuta kitambaa nyuma kidogo, vidole viwili tu, je, hilo nitaliweza?