Mji wa Ayub

Ndugu yangu Ayub,

Ningeanza na hujambo kama kawaida yetu, lakini mkono umekataa. Basi nianze na habari, kwa kuwa wewe ulikuwa mtu wa kuuliza habari hata kabla hujavuta kiti.

Ghana wamepata uhuru. Kichwa cha habari nilikipanga mimi mwenyewe, herufi moja moja, kisha nikavaa koti nije mbio Muthangari nikuonyeshe jikoni kwako kabla wino haujakauka. Nilifika mlangoni ndipo nikakumbuka. Hapa kiwandani wameleta mashine inayoyeyusha madini ya risasi na kutoa mstari mzima kwa mpigo mmoja, nasi wa kupanga kwa vidole tunaambiwa huenda tukapelekwa kufunga magazeti. Mke wangu Ndunge amejifungua mtoto wa kike, naye ana mdomo kama wa baba yake. Nafurahi, halafu naona haya kufurahi. Siku hizi sijielewi.

Lakini hayo nazungukazunguka tu. Kinachoniuma unakijua.

Unakumbuka nilikutegea kitendawili gazetini, kwenye ukurasa wa mashairi: *Kipo nyumbani kwa watu, husema hakisikii.* Ulikuwa unakwenda likizo kwenu Bunyore, ukaniambia jibu litakuja kwa posta. Nikangoja wiki tatu, kimya. Nikasema moyoni, leo mpishi amekwama. Nikaandika beti za kukusuta, tena zile kali, maana ndivyo tulivyozoea kuchezeana mbele ya watu: *Toka, toka mvunguni, mji wangu niletee.* Nikazipanga kwa vidole vyangu hivi huku nacheka peke yangu. Gazeti likatoka Jumamosi.

Jumatatu nikapata barua ya mkeo Rebeka. Alikuwa ameituma kwenye nyumba uliyokuwa ukipikia, ikakaa kabatini hadi mpishi mpya alipoiona na kuniletea. Kichomi, akasema. Ulikuwa umeshazikwa siku kumi na mbili zilizopita. Ayub, nilikuwa namwita mtu mvunguni naye yuko kaburini.

Na gazeti lilifika kwenu kwa gari la moshi, likasomwa baada ya ibada. Shemeji yako alilisoma kwa sauti kubwa, hajui linakwenda wapi, hadi akafika kwenye jina lako. Rebeka alinieleza haya alipokuja kuchukua vitu vyako Muthangari. Nilidhani atanitemea mate. Alisema alicheka kwanza, kwa sababu alikusikia ukinijibu, kisha akalia mpaka akashikwa na watu. Halafu akanipa daftari lako.

Nimelisoma mara nyingi mno. Uliandika kwa penseli, mwandiko umelala:

*Mutua naja salama, jibu lako nimepata,*
*Nimelala, nina homa, akili haijasita,*
*Kitu chako*

Basi. Hapo penseli imeishia. Kitu changu nini, Ayub? Ulijua ni redio? Au ulikuwa unanitisha tu, kama siku ile ulipoapa umejua jibu, kumbe unasubiri nijisahau nilitaje mwenyewe? Naweka daftari, nalichukua tena, kama vile maneno mengine yatakuwa yameota.

Rebeka aliniambia, "Hii shairi maliza wewe. Watu nyumbani wanasema Ayub alikimbia kitendawili, na yeye hakukimbia." Nikamwambia nitajaribu. Mhariri naye ana yake. Barua za wasomaji zinamjia kila siku zikiuliza Ayub yuko wapi, naye akaniita pembeni. "Wewe andika tu kwa jina lake, nani atajua? Ukurasa unauzika."

Nimejaribu. Nimeketi na daftari lako mara tano. Nikiandika vizuri, naona ni mimi nimejipamba kwa koti lako. Nikiandika vibaya, nimekuaibisha. Nikiacha, wewe ni mkimbizi milele na Rebeka ataliona hilo kila anapokwenda kisimani. Sijui lipi ni heshima na lipi ni wizi. Ndunge alinitazama akauliza kwani ninyi wawili mlikuwa mnashindania nini hasa.

Juzi askari walinisimamisha mjini, unajua Hali ya Hatari haijaisha. Nilikuwa na daftari lako mkononi. Wakataka kipande changu cha utambulisho, kisha wakafungua daftari, wakasoma ile *Kitu chako*, wakaniuliza ni kitu gani hicho. Nikasema sijui. Ilikuwa kweli tupu, nao wakaniona mjanja, wakaniweka juani saa nzima.

Na pale juani ndipo nilipokumbuka mchezo wetu. Kila uliposhindwa ulinipa Kisumu. "Chukua, lakini samaki uniachie." Nilikuomba Nairobi mara ngapi, ukakataa. "Nitakupaje mji ambao mwenyewe natembea kwa kipande?"

Basi sitamaliza shairi lako. Nimemwandikia Rebeka hivyo, na sijui kama atanielewa. Jumamosi hii nitapanga mistari yako miwili kwa vidole, herufi moja moja, na *Kitu chako* chini yake, na nafasi tupu inayobaki nitaiacha tupu chini ya jina lako. Mhariri hapendi nafasi tupu. Akinipeleka kufunga magazeti, nitafunga. Chini yake nitaweka jina langu na kukiri kwamba Ayub alikuja na jibu, na aliyeshindwa ni mimi. Safari hii aliyetega kitendawili ndiye atoe mji. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo, na huenda wasomaji wakasema Mutua amechanganyikiwa. Watakuwa hawajakosea.

Redio husema na haisikii. Wewe labda unasikia na husemi. Ninakukosa, Ayub, kuliko nilivyowahi kukuambia.

Lala salama, ndugu yangu. Kila mwaka nitamwandikia Rebeka, na binti yangu nitamfundisha beti zako kabla ya zangu. Na mji wako huu hapa. Nakupa Nairobi yote, kuanzia stesheni hadi Muthangari hadi Loresho, na yale maduka mapya ya barabara ya Ngong. Tembea humo utakavyo. Hakuna atakayekuuliza kipande.

Mimi niliyeshindwa,
Mutua