Kabureta Chini ya Kawa

Mama yangu wa ukweni,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikatega sikio, kana kwamba utaitikia kutoka uani. Tangu tukuzike hapa Pongwe sijakuandikia, na ulipokuwa hai hukuwa mtu wa barua. Ulisema barua ni maneno yasiyo na miguu. Lakini nimejifungua tena, nimo ndani kwenye arobaini, na mikono yangu haina kazi ila kunyonyesha. Basi nimeomba kalamu nikushukuru vizuri, maana ile siku ya mashine nilipotaka kukushukuru nililia tu, ukanambia nisimharibie mtoto maziwa.

Unakumbuka mwanao alivyorudi nayo, ile mashine ya kukatia majani? Aliisukuma kutoka kule shamba la mkonge, jasho likimtiririka, akaiegesha uani na kukaa juu ya kinu chako. Kinu, Mama! Nilisubiri umgombeze, hukumgombeza. Ndipo nikajua mambo si mazuri.

Mashine ilikuwa imemshinda. Akiipa moto mwingi inanguruma na kukata vizuri. Akiipunguza, ageuke mwisho wa bustani ya meneja au aokote jiwe njiani, inakohoa kidogo inazimika. Kutwa alikuwa anavuta kamba kuiwasha. Bwana meneja akamwambia, Jumatatu ikiwa bado hivyo, bustani atapewa mwingine na yeye arudi kukata mkonge.

Mtu mwingine angesema kazi ni kazi. Mimi na wewe tulijua. Jicho lake la kushoto lilikwisha kuchomwa na mwiba wa mkonge kabla hajanioa, na bustani alipewa kwa ajili ya jicho hilo. Akirudi kule na jicho moja, je, na hilo likipatwa? Ulikaa ukingoni mwa kitanda changu cha uzazi, ukampakata mjukuu wako, ukamwambia, "Mume wangu, baba yako wakimrudisha kwenye mkonge, wewe ndiwe utakayemshika mkono njiani." Kisha ukageukia ukutani.

Uani wakajaa wanaume, rafiki zake wa kambini, kila mmoja fundi. Nilikuwa nawasikia kupitia ukuta wa udongo.

"Plagi hiyo!"

"Plagi gani, oili imezidi."

"Ipige teke, itasikia."

Plagi ikafunguliwa, ikasuguliwa mpaka nadhani iling'aa kama kijiko cha harusi. Mashine ikazidi kukohoa.

Mimi mashine sikuzijua. Nilizijua taa za karabai. Baba yangu kule Mabawa alikuwa akizikodisha kwa wenye harusi na maulidi, na tangu niko darasa la pili kazi yangu ilikuwa kuzisafisha. Karabai ina kitundu cha kupitishia mafuta, chembamba kuliko tundu la sindano. Kikiingia taka, ukiipiga pampu kwa nguvu itawaka, lakini upepo ukipungua tu, inapepesa na kufa. Nilipoisikiliza ile mashine nimelala pale na mtoto kifuani, nikaona hii inaugua ugonjwa ninaoujua. Sikuwa na hakika. Nilikwambia wewe tu, kwa sauti ndogo.

Mzazi hapazi sauti kwa wanaume, basi ukawa wewe ndiwe mdomo wangu. Nikakusikia huko nje:

"Mkeo anauliza, kuna kitundu kidogo petroli inapopita?"

Wakacheka. "Ehe, Mama! Leo na mzazi naye fundi? Na mtoto je, kashika spana?"

"Mtoto kashika ziwa," ukawajibu, "ndiyo maana ametulia kuliko ninyi."

Ukarudi na jibu kwamba kipo, ndani ya kabureta, wamekwisha kukipuliza. Nikakutuma tena: petroli inawekwa kwenye nini? Ukaja: debe. Lina kifuniko? Ukaenda, ukaja, unahema: kifuniko kilipotea, wameliziba kwa usufi.

"Usufi, Mama? Huu wa kujazia mito?"

"Huo huo."

Nikainuka nikaketi. Usufi ni manyoya matupu, na petroli inapita humo kila anapomimina. Nikaanza kukueleza pa kutazama na namna ya kuzibua, ukanikatiza. "Mwanangu, maneno yananimwagikia njiani. Ngoja."

Ulingoja wale wanaume waende kuswali alasiri, ukamwambia mwanao aifungue kabureta. Yeye akasita, mke wake ni mzazi, watu watasemaje? Nilikusikia: "Watu watakukopesha jicho?" Akaifungua.

Jirani yetu alikuwa barazani akisuka ukili, na alikuwa na macho ya kunguru. Akakuuliza, "Mzazi anakula tena?"

"Ananyonyesha dume huyo! Uji wa pilipili manga haumkai tumboni."

Ukaingia. Sinia mkono mmoja, juu yake kawa, ile nyekundu ya kufunikia chakula cha wageni. Mkono wa pili chetezo kinafuka ubani. Ukafunua kawa, na ndani ya bakuli la uji imekaa kabureta, petroli inanuka chumba kizima.

"Ubani utakata harufu," ukasema, "isije ikamdhuru mtoto."

"Mama, moto! Toa chetezo, utatuchoma sote!"

Sijapata kukuona ukikimbia ila siku ile. Ulitoka na chetezo, ukarudi ukamchukua mjukuu, ukampeleka kwa yule yule jirani, kisha ukaingia tena umejiziba kinywa kwa kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nami nikacheka mpaka tumbo likaniuma, tumbo lenyewe bado la uzazi.

Pini ya karabai sikuwa nayo. Nikatazama huku na huku. Wewe ukainama, ukachomoa singa, uzi mmoja wa mkonge, kwenye kamba ya kitanda, nyembamba na ngumu, ukanipa. Nikaipitisha kwenye kitundu, ikakataa. Nikaigeuza, nikaipitisha upande wa pili, ikasukuma nje kijinyoya cheupe ambacho hata sisimizi mmoja angekibeba.

Ukakiweka kwenye kiganja. "Hiki?"

"Labda hicho, Mama."

"Na mkonge ndio umekitoa," ukasema. "Kumbe nao siku moja moja una haya."

Ukaitoa kabureta chini ya kawa kama ulivyoileta. Petroli mwanao akaichuja upya kwa kitambaa safi. Akaifunga, akavuta kamba, ikanguruma. Akapunguza moto, ikakohoa. Nilifumba macho. Lakini nilikuwa nimewasikia tangu asubuhi wakiichezea skrubu ya moto mdogo, nikakwambia, kama tunavyofanya kwa karabai: aifunge yote polepole bila kuikaza, kisha aifungue kidogo kidogo huku anasikiliza. Ukasimama mlangoni, mguu mmoja kwangu na mmoja kwake. "Fungua. Bado. Fungua. Haya, inakohoa kidogo. Kidogo tena, baba." Halafu ukainua mkono. Mashine ilikuwa inapumua chini chini, pu-pu-pu-pu, haizimi.

"Inakoroma kama marehemu baba yako," ukamwambia. "Sasa iache."

Wanaume waliporudi kutoka msikitini wakauliza nani kaitengeneza. Ukawaambia, "Aliyetoka kunywa uji." Hawakuelewa, na hukujishughulisha kuwaelewesha. Mwanao ndiye aliyekuja dirishani akaniita jina langu mara moja tu, basi.

Jumatatu akakata bustani yote. Meneja akapita, akatazama, akaenda zake. Mkonge hajaugusa tena mpaka leo, Mama. Wakwe wengine wangenambia nilale, mashine ni ya wanaume, na wangekuwa wamenitunza vizuri kabisa. Wewe ulinitunza ukaniletea na sinia. Nimekaa na jambo hilo, na kila nikiliwaza nafurahi kwamba mlango nilioolewa ulikuwa wako.

Shangazi yangu ndiye ananikanda sasa. Ananikanda vizuri, lakini hasemi na watoto wachanga. Mwanao bado haruhusiwi kukaa humu, ila jana aliingia kumwona binti yake. Akamchukua, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha, akamgeuza upande wa jicho lake la kulia, akamtazama sana. Mtoto akatoa mdomo wa chini, akaukunja.

"Mama yangu huyu," akasema. "Mtazame. Ndio kwanza amefika, amekwisha kununa."

Akaendelea kumtazama, hata shangazi alipomwambia muda umekwisha.

Pumzika, Mama. Nimekushukuru.

Ni mimi mkamwana wako