Dirisha la Chumba cha Arobaini

Mjukuu wangu Salma,

Mtoto sasa hivi amenipokonya kalamu akaitia mdomoni, usamehe madoa haya. Sote tu wazima, alhamdulillahi. Najua wacheka: bibi gani huyu bado anyonyesha! Ndivyo ukoo ulivyotupanga, bibi na mjukuu, japo umri wetu wakaribiana.

Waniuliza kama ni kweli nilifungua dirisha kabla ya arobaini kwisha. Kweli. Binti mmoja wa chuo alikuja kupima radoni, gesi itokayo kwenye mawe, akaacha kipimo chumbani mwetu. Akasema mawe yote huitoa, ya volkano na mengineyo, ila chumba kilichofungwa huikusanya, nayo hudhuru mapafu.

Mavyaa wangu, mamake mume, akang'aka: "Upepo utamwingia mtoto! Sisi tumezalia humu humu, nani kafa?"

"Mama, nakuheshimu. Lakini mapafu haya ni ya mwanangu."

Nikang'oa mwenyewe misumari iliyofungia dirisha. Akaninunia; uji wangu wa pilipili manga akauleta bila kunitazama. Kesho yake namba za kipimo zikawa zimeshuka. Akazikodolea macho, akasema, "Mfunike miguu, basi."

Nawe huko usomeako elimu ya mawe, wakikwambia kupima mawe si kazi ya wanawake, usinyamaze, waambie...

Ngoja, mavyaa aniita. Dirisha la chumbani mwake limekwama, ataka nije na nyundo.