Kamba ya Hirizi

Kwaluguru, Handeni
Februari 1975

Kwako Baba Swaumu,

Salamu nakupa kwa kuwa ni desturi. Kijiji kipya tumekizoea, mahindi ya shamba la ujamaa tumevuna, na nyumba nimeiezeka mwenyewe wewe ukiwa huko Kilole kwa mke mdogo.

Juzi Swaumu alianza kutapika, kisha akawa haamki, kama kabla hajapasuliwa kichwa. Unaujua ule mpira waliompitishia chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji ya kichwani yapate njia. Nawe ulipokuja sikukuu ya Idi ukamfunga hirizi shingoni, ukaikaza isidondoke akicheza. Nilikuambia daktari amekataza kitu chochote kumbana pale. Ukanijibu mbele ya mama yako, "Mpira ni wa daktari, mtoto ni wangu." Nikaiacha kwa heshima ya mama.

Balozi wetu wa nyumba kumi alitupakia kwenye lori la mahindi mpaka hospitali. Daktari aliikata ile kamba, akanionyesha ilivyozama kwenye ngozi, juu ya mpira kabisa. Maji yakapata kushuka. Jioni mtoto alifumbua macho, akaomba uji. Wewe hakukuulizia.

Hirizi yako imo humu ndani ya bahasha. Kamba nimeiunga kwa kipande kingine, sasa inatosha shingo ya mtu mzima. Ivae wewe, na uikaze vilevile.

Ni mimi Mwaija,
mwenye mtoto.