Neno la Darasani Kwangu Linamfukuza Mume Wangu

Mshauri wetu, shikamoo, na kama wewe ni mdogo kwangu basi nirudishie, maana nimefika mahali ambapo nahitaji tu mtu wa kunisikiliza bila kunikatiza.

Mimi ni mke wa askari na pia ni mwalimu, ila shule yangu ni sebule yangu mwenyewe, nilisukuma makochi ukutani, nikatandika mikeka, nikapaka ubao rangi nyeusi kwa mkono wangu, na kila asubuhi majirani wananiletea watoto wao ambao bado hawajaanza darasa la kwanza, nawafundisha a, e, i, o, u, na namna yangu ya kufundisha ni moja tu, mimi natamka, wao wanatamka, nikisikia kuna anayemumunya maneno nasema "Rudia!" na wote wanarudia mpaka mabati yanatikisika. Neno hilo limeniganda ulimini kiasi kwamba hata mume wangu alipokuwa vitani akinipigia simu na mtandao ukikatakata, nilikuwa namwambia, "Rudia, baba, sijasikia," naye anacheka, anasema, "Sawa, Mwalimu."

Sasa amerudi, tulimpokea kwa vigelegele, mzima, mikono miwili, miguu miwili, nikamshukuru Mungu nikijua yameisha, kumbe ndiyo yanaanza. Darasani kuna mtoto mmoja mtundu kweli, alizoea kumpigia saluti kila asubuhi, "Jambo, afande!" naye anakakamaa kama yuko gwarideni, watoto hoi kwa kicheko. Lakini darasa likianza, nikisema tu neno langu, uso wa mume wangu unabadilika, anaacha chai yake, anatoka nje hata viatu hajavaa. Nikadhani ni kelele, nikawahamishia watoto uani, ikawa vilevile. Wiki iliyopita alisimama mlangoni akanifokea mbele yao, "Nyamaza na hilo neno lako!" yule mtundu wa saluti akajikojolea kwa hofu, na mimi, mshauri, hasira zikanipanda nikamjibu, "Kama hutaki sauti za watoto, rudi huko vitani kwako ulikozoea." Jioni akasema ama darasa lifungwe, ama yeye ahamie kwa kaka yake mwisho wa mwezi huu, nichague.

Nisikufiche, nilishachagua, nilishaanza kumkunjia nguo. Ndipo akaja rafiki yake waliyekuwa naye kikosi kimoja, namwita shemeji, wakakaa na chai yao, mimi naendelea na watoto, nikasema "Rudieni!" na nilipogeuka nikaona wote wawili wameinamisha vichwa, hakuna anayemtazama mwenzake. Nilipomsindikiza hadi getini akaniuliza, "Shemeji, neno hilo unalisema kila siku?"

"Ndiyo kazi yangu," nikamwambia.

Akashika kichwa. "Mumeo alikuwa mtu wa redio, yeye ndiye anayewaelekeza wenye mizinga wapige wapi. Kwenye redio yetu usiposikia unasema 'sema tena.' Husemi 'rudia' hata siku moja, kwa sababu kwa wenye mizinga maana yake ni pigeni tena palepale."

Akanieleza kuwa siku moja huko vitani walishapiga ukuta mmoja, adui akakimbia, na wenzao wenyewe wakaingia pale kujikinga. Mwenye mizinga akamwambia mume wangu kitu redioni, kelele zikawa nyingi, hakusikia, na kwa uchovu likamtoka lile la nyumbani. "Akasema 'rudia,' shemeji. Wakarudia."

Akaniapisha nisimwambie mume wangu kwamba najua. Je, ni neno langu lililowaua watoto wa watu? Nikilifunga darasa nitakuwa nani, nimelijenga peke yangu, nikiendelea nalo nampoteza mume wangu ambaye nampenda, na hii siri niipeleke wapi? Nisaidie, mshauri.

Ni mimi, Mwalimu wa Sebuleni

*

Mwalimu wa Sebuleni, marahaba, na sikurudishii, mimi ni bibi mwenye wajukuu.

Barua yako imenifanya nivue miwani. Pole wewe, pole yeye, pole kwa wazazi wa wale vijana. Sasa futa machozi nikuseme kidogo.

"Rudi huko vitani kwako"! Jamani, mwanangu, ulimi huo uliuokota wapi? Najua hasira, hata mimi nina mume. Lakini hilo uliombe msamaha leo, kabla hujainjika sufuria. Na nguo ulizokunja zirudishe kabatini.

Habari ya neno lako kuua watu, ikome. Hukuwa na redio wala mzinga, ulikuwa unafundisha irabu. Na mumeo alikuwa mtu aliyechoka, katikati ya kelele, akatokwa na neno la mtu anayemkumbuka. Siku atakapoweza kulisikia hilo umwambie, ila si wiki hii.

Kiapo cha shemeji yako kilikuwa cha nia njema, lakini kitawamaliza ndani ya nyumba. Mpigie simu, mwambie umeshindwa kukibeba, aje mwenyewe akae na rafiki yake amwambie, "Nimemweleza mkeo." Yeye alikuwepo, atasikilizwa kuliko wewe. Kisha wafuatane kwa daktari anayewatibu waliorudi na majeraha ya moyoni. Mumeo akikwambia yeye si kichaa, mjibu kwamba hakuna aliyemwita hivyo, na kwamba angevunjika mguu asingeona aibu kuufunga. Ukimsikia anasema heri angekufa na wao, usingojee kesho, mpeleke siku hiyohiyo.

Darasa usilifunge. Ukiinyamazisha hiyo nyumba, atabaki anaisikia redio peke yake. Kinachotakiwa kuondoka ni neno, na mwalimu mzima huwezi kukosa jingine. Nilitaka kukwambia uwafundishe "sema tena," kalamu ikasita. Hilo ndilo alilopaswa kulisema siku ile, na huenda likamchoma kuliko la kwanza. Kwa hiyo usichague wewe, wala mimi. Muulize: "Baba, nabadilisha neno la darasani, watoto waseme nini?" Atakalokupa ndilo hilo, hata likiwa la kuchekesha. Siku akijisikia, awafundishe mwenyewe, na aanze na yule mtundu wake wa saluti, maana afande anadaiwa samahani na mtoto huyo.

Usimdadisi. Ataanza kusimulia kwa wakati wake, pengine unachambua mchele, na katikati sauti itamkauka, hutasikia vizuri. Hapo ulimi wako utakimbilia lile neno la kila siku. Ung'ate. Acha mchele, msogelee, ukae karibu mpaka usikie.